Birika Linaloripoti kwa Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kaja na dada wa mitambo. Wamebandika vidude vyeupe sebuleni, jikoni na ukumbini. Chumbani hapana, binti kasema baba ana haki ya faragha yake. Vidude vinahisi mtu akipita au akianguka. Birika jipya la umeme linatoa taarifa kila likichemshwa. Kisanduku cha dawa kinafunguka chenyewe saa nne na kunikumbusha ninywe maji ya kutosha. Habari zote zinakwenda kwenye simu ya binti.

Nimevivulia kofia. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mahudhurio pale lango la kiwanda, mimi na mashine ya kugongea kadi. Na mtambo huu, huyu ni mwenzangu wa kazi. Hasinzii na haombi ruhusa ya kwenda msibani.

Sharti la binti ni wiki moja ya majaribio. Mambo yakienda vizuri, nabaki. Yakienda kombo, nahamia kwake, ghorofa ya nne. Sihami. Rangi ya kuta hizi aliichagua marehemu mke wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka saa tatu na robo. Simu nne za binti! Mtambo ulimwambia kwamba hadi saa moja na nusu hakuna birika wala hatua. Akauliza kama naumwa. Nimemwambia nilikuwa natafakari. Ukweli nilikuwa nimelala fofofo, kwani nimestaafu ili nifanye nini? Lakini yeye kashikilia kwamba mzee akilala hadi saa tatu kuna jambo. Asubuhi ya pili kama hii na nitakuwa napanda ngazi za ghorofa ya nne.

Jumatano, 5 Machi

Ufumbuzi umepatikana. Kiwandani watu walikuwa wakigongeana kadi: mmoja yuko kitandani, mwenzake anamgongea langoni. Niliwanasa wengi, hivyo makosa yao yote nayajua.

Nimekwenda kwa jirani yangu Fundi, mshona suti mstaafu, mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri bila sababu yoyote. Nimemweleza: aingie mlango wa nyuma, achemshe birika, apite sebuleni mara mbili, basi. Kasita. Kisha akatoa sharti lake, kwamba nitangaze mbele ya wenzetu kuwa bingwa wa drafti ni yeye. Uongo mtupu. Nimekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo safi. Birika saa moja kasoro dakika tano. Binti katuma ujumbe wa kunipongeza, eti siku hizi nina nidhamu. Niliusoma kitandani. Moyo uliniuma kidogo, kisha nikageukia upande wa pili.

Fundi kamaliza sukari. Jioni nimetangaza ubingwa wake mbele ya watu sita. Kaomba nirudie kwa sauti.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Fundi, kama alivyonisimulia baadaye, alimwaga maji jikoni, akayakanyaga, akaenda chini kama gunia. Goti. Mtambo ukauliza kwa sauti ya upole: Baba, uko salama? Fundi alikuwa na akili zake zote, na mdomo wake mzima. Hakujibu. Aliogopa sauti yake ingetambuliwa na mimi kuhamishwa. Mtambo ukauliza tena. Mwenzangu akabana pumzi, amelala kwenye maji, mwaminifu mpaka mwisho. Kwa hiyo mtambo ukampigia binti kwamba baba ameanguka na haongei.

Dakika tisa. Binti kaingia mbio, mguu mmoja kiatu cha kazini, mwingine ndala. Jikoni kamkuta Fundi. Chumbani kanikuta mimi, nakoroma. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda analia. Hakunigombeza. Alinishika mkono tu. Nilijiona mpumbavu, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Leo nimemwambia.

Fundi kafungwa bandeji. Hakuvunjika.

Kisha hukumu. Nilikuwa tayari kufunga mizigo. Binti kasema kwamba tangu mama yake afariki hajalala usingizi wa kushiba, akiwaza nimeanguka peke yangu na hakuna anayejua. Leo kajua papo hapo. Dakika tisa tu kafika. Kwa hiyo nabaki, na nilale hadi saa ninayotaka mradi nimwambie mapema. Sharti ni moja, Fundi asiliguse birika. Miaka yote ile langoni sikuwahi kumnasa mtu vizuri namna hii. Mtambo huu ungekuwa binadamu, ningeupendekeza upandishwe cheo.

Jumapili, 9 Machi

Dada wa mitambo karudi kurekebisha. Kaeleza kwamba kuanzia leo vidude vitajifunza mwendo wangu kwa wiki nzima, uzito wa hatua, upesi wake. Baada ya hapo mtu mwingine akipita, binti atajua si mimi. Hakuna tena kugongeana kadi. Nimestaajabu. Nimempa mkono.

Ila wiki nzima ni muda mrefu, na huenda siku moja nikasahau kumwambia binti. Mchana nimemwita Fundi. Tumezunguka uani mara nane, mimi mbele, yeye nyuma, anaiga. Hawezi, goti linamchechemeza. Nikatumia akili. Kama yeye hawezi kutembea kama mimi, mimi nitatembea kama yeye, mtambo ujifunze hivyo tangu mwanzo. Nimechechemea sebule nzima hadi saa kumi. Kazi safi kabisa.

Saa kumi na robo binti kapiga simu. Anauliza mguu umepatwa na nini. Yuko njiani, anakuja na daktari.