Injini ya Bwana Pruitt

Jovesa Rokotui alimtambua mtu wake kwa miayo. Bwana Desmond Pruitt wa Brisbane alikuwa amekwisha kuogelea na kasa, kulala kwenye machela, kupandishwa mnazi na watu watatu waliomsukuma kwa nyuma, na kutazama wanaume wakikanyaga mawe ya moto, huku akiuliza iwapo mawe yale yalikuwa ya moto kweli. Sasa aliketi katika mashua yake ya starehe, gatini Nadi, nchini Fiji, akilalamika kwamba visiwa vimemwishia. Kando yake iling'aa injini ya akiba.

Jovesa alikuwa na boti isiyo na injini. Tangu ile ya zamani ilipokata roho, watalii walichukuliwa na wenzake, na ndani ya boti walitaga kuku wa jirani.

"Bula, mzee! Umeshatawazwa uchifu?"

"Chifu wa nini?"

"Wa ufuo, kisiwani Nukusiga. Wenzako hotelini wanaomba kupiga picha na machifu. Wewe ndiye utakayeombwa."

Pruitt alivua miwani ya jua. "Na ufuo utakuwa wangu?"

"Mzee wangu, umewahi kusikia chifu asiye na ufuo?"

Msomaji muungwana na atambue kwamba Jovesa hakusema uongo. Aliuliza swali.

"Nitaweza kuwatoza watu kiingilio?"

"Wakiogelea, watoe. Wakilala kwenye machela, watoe. Wakitazama jua linavyozama..."

"Watoe!" alimaka Pruitt.

"Wazee wa kule hupokea zawadi. Injini inafaa, hata kama imetumika."

Injini kuukuu kwa ufuo mzima! Pruitt aliuhurumia ujinga wa wenyeji, akampa mkono.

Jovesa hakutafuta chifu bandia, kwa kuwa mwenye tamaa hukagua. Alimwendea mjomba wake Nemani, mkuu halisi wa ukoo wa Nukusiga, akamwambia tu kwamba kuna mgeni mkarimu. Injini ingepokewa kwa heshima zote. Kisha Jovesa angeiomba. Kwetu, jamaa akikuomba kitu mbele za watu, humnyimi, na mtoto wa dada ndiye asiyenyimwa kabisa. Ndiyo maana alifunga boti yake nyuma ya mashua ya Pruitt, ikakokotwa hadi kisiwani: alikusudia irudi ikinguruma.

Injini ililazwa mkekani, pembeni mwa jino la nyangumi, zawadi ya heshima kuliko zote. Jovesa, msemaji wa mgeni, alisimulia ukarimu wa mababu, akawalaani wanyimivu, akatamka kwamba anayemnyima jamaa yake hastahili kuzikwa na watu. Wanawake walijifuta machozi. Nemani aliligusa jino kuonyesha amepokea, makofi ya viganja yakalia, na injini ikawa mali ya ukoo.

Kava, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, ikazunguka. Alikunywa mkuu, akafuata msemaji. Na kifuu cha kava, kama ijulikanavyo, hakishushwi hadi kikauke. Jovesa alikuwa amekiinamisha mdomoni pale Mereoni, mjane wa mjomba wake mwingine, alipokohoa.

"Shemeji, naomba hiyo injini. Kaa wetu wanafia njiani kabla ya kuliona soko."

"Chukua," alisema Nemani.

Jovesa alipaliwa. "Mjomba! Mimi si mtoto wa dada yako?"

"Ndiwe hasa. Omba kingine."

Akamgeukia mjane. "Mama, nilikuwa na ombi dogo..."

"Hata mimi, mwanangu," alisema Mereoni kwa sauti iliyofika pwani. "Injini peke yake nitaifunga kwenye sufuria? Naomba ile boti yako pale."

Watu walicheka, kisha wote wakamtazama Jovesa. Walikuwa wangali wanajifuta machozi ya hotuba yake.

"Chukua," alisema Jovesa, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa gego.

Wakati huo Pruitt alikwisha kuombwa kofia, miwani na viatu, na alivitoa vyote akitabasamu, akiamini kwamba raia wake wanataka kumbukumbu.

"Muulize ufuo wangu unaanzia wapi," alimwamuru Jovesa.

Nemani alielekeza kidole kwenye shamba la mihogo, akamkabidhi jembe. "Mwambie mwanangu Desmond kwamba aanze na magugu. Tumempokea awe mtoto wa hapa, na mtoto wa hapa hali bure."

Jovesa alirejea Nadi ndani ya boti iliyokuwa yake, amekalia gunia la kaa. Mereoni alishika usukani, miwani ya Pruitt usoni.

"Usinune. Nimekutoza nauli?"

"Umechukua boti yangu, mama!"

"Umenipa. Watu wote walikusikia." Alipunguza mwendo walipoikaribia hoteli. Ufuoni, mzungu mnene alijinyoosha kwenye machela, akapiga miayo mirefu. Mereoni alimtazama kwa upole.

"Ile hotuba yako, mwanangu, ya mababu na wanyimivu. Bado unaikumbuka?"

"Kwa nini?"

"Kaa wanahitaji jokofu."