Sentensi Njema na Namba Sitini na Tatu

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya arobaini na moja bila kucheza bahati nasibu. Mkutano ukumbini kwa padre: wanaume tisa na mshauri wetu, Bi Loredana. Somo la leo, fikra njema. Kila asubuhi mtu asimame mbele ya kioo, ajiambie kwa sauti sentensi moja nzuri juu yake mwenyewe. Akataka tuanze pale pale: "Mimi nitashinda." Wanaume tisa wa Napoli tukatia mikono mifukoni kwa pamoja, tukashika funguo. Nani atatangaza heri yake bila kugusa chuma kukinga kijicho? Bi Loredana ni mtu wa Milano. Akauliza tumepoteza nini mifukoni. 

Nimenunua daftari hili. Mistari nimeipiga kwa rula.

Sentensi yangu: Mimi ni baba mwenye kichwa kilichotulia, na bibi harusi wangu ataliona hilo.

Bibi harusi ni Nunziatina, mwanangu pekee. Ndoa Jumamosi ya tarehe 18, saa tano. Sharti lake: nikifika siku hiyo bila kucheza, nitamshika mkono mimi hadi altareni. Nikicheza hata mara moja, atashikwa na mjomba wake Gerardo. Sababu anayo. Fedha za jiwe la kaburi la mama yake zilipitia mikononi mwangu, hazikumfikia mchonga mawe. Immacolata wangu hadi leo ana kibao cha mbao.

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Nimesema sentensi yangu mbele ya kioo na nikaziona namba. Kichwa, 34. Bibi harusi, 63. Sikuzitafuta! Kitabu cha ndoto, kile cha kugeuza kila kitu kuwa namba ya kucheza, nilimkabidhi Nunziatina tangu Machi, lakini nimekisoma miaka thelathini. Hakuna kitu mjini hapa kisicho na namba yake humo, na zote ninazo kichwani.

Mpango: naziandika hapa, sichezi, jioni naona hazikutoka. Ugonjwa utakufa kwa njaa. Ajabu kwamba Bi Loredana hakuwaza hili.

Jioni. Zimetoka. Zote mbili, na ni droo ya Napoli. Nimekaa jikoni. 

Jumatano, 8 Mei

Nimemweleza Nunziatina. Alicheka, mara ya kwanza tangu baridi iingie, akanibusu paji la uso. Akasema ziache zitoke zinavyotaka, maadamu sikucheza mshindi ni mimi. Ningenyamaza hapo. Nikamwambia kiasi ambacho ningepata. Akaacha kucheka, akaenda kuanika nguo.

Ijumaa, 10 Mei

Buchani kwa shemeji Gerardo, kuchukua soseji. Mbele ya wateja wote akauliza mgonjwa anaendeleaje. Akaongeza kwamba suti yake ameshampelekea fundi, kiuno kimeachiliwa kidogo.

"Si kwa ubaya, shemeji," akasema. "Nguo nzuri lazima ipigwe upepo, isije ikaliwa na nondo."

Nikamjibu kwamba nondo wa mtaa huu hawali mafuta. Wateja wakacheka. Nikatoka kwa heshima zote. Soseji nimeisahau, na nilishailipia.

Jumatatu, 13 Mei

Nimependekeza kikundini kwamba sentensi njema ziandikwe bila majina ya vitu, maana kila kitu kina namba. Wenzangu wanane wakaafiki kwa moyo wote. Bi Loredana aliandika jambo refu kwenye faili lake. Sentensi mpya: Ninatulia, ninatulia, ninatulia. Hakuna kitu humo. Safi kabisa!

Alhamisi, 16 Mei

Siku ya hamsini na moja. Nimemwota Immacolata. Hajawahi kunijia tangu mambo ya lile jiwe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, na aproni ya jikoni, akanishika kifundo cha mkono, akasema na mimi. Alisema kwa muda mrefu, taratibu, kama zamani alipokuwa ananieleza jambo la mtoto. Maiti anayesema, 48. Mama, 52. Binti bibi harusi, ile ile 63. Nilikuwa nahesabu. Nimeamka na aproni ninaikumbuka, hata doa lake. Neno hata moja sina.

Ijumaa, 17 Mei

Nimelipima jambo kwa utaratibu. Kucheza ni tamaa. Kumtii marehemu si tamaa. Kwa hiyo kumtii marehemu si kucheza. Tena namba zikitoka, jiwe lake litachongwa, na Bi Loredana mwenyewe alisema kila siku tutende jema moja.

Donna Titina wa duka la bahati nasibu alikataa kunipokea. Nunziatina amepita madukani kote na picha yangu. Ni ile ya komunyo yake ya kwanza, nimembeba begani. Titina ameibandika pembeni ya mashine. Akaniambia, "Nenda nyumbani, Sabatino. Kanyoe ndevu, kesho unamwoza binti."

Nikapanda mabasi mawili hadi mtaa ambao hawanijui. 48, 52, 63, droo ya kesho. Kikaratasi nimekitia mfuko wa kifuani wa suti. Karibu na moyo.

Jumamosi, 18 Mei

Nunziatina alitaka kunibandika ua mwenyewe. Alikuwa na pini mdomoni. Pini ikagoma. Akaingiza vidole viwili mfukoni, akatoa kikaratasi, akakisoma. Hakupiga kelele.

"Hata namba ya mama umeicheza."

Nikaeleza habari ya utiifu. Nikaeleza ndoto yote, kifundo cha mkono, aproni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikwambia nini, baba?" akauliza. "Maneno yake. Nataka kuyasikia leo."

 Nikaangalia dari.

Akakunja kikaratasi, akakirudisha mfukoni, akakipigapiga kidogo, kisha akabandika ua juu yake. Sasa pini ilipita. Akageuka mlangoni.

"Mjomba," akaita. "Njoo."

Gerardo hakufurahi, lazima niandike haki. Alikuja ameinamisha kichwa, akanigusa bega. Suti ilimkaa. Mimi nilifuata nyuma na mwavuli wa bibi harusi. Hapakuwa na mvua.

Saa mbili usiku: 11, 29, 70, 8, 86. Hakuna hata moja.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeanza kuhesabu upya: siku ya kwanza. Bi Loredana hakunigombeza. Alisema hata siku mbaya ina jambo moja jema, nilitafute, niliandike.

Nimelitafuta, nimelipata. Mlangoni pa kanisa, kabla ya kuingia, Nunziatina aligeuka. Gerardo alimvuta kidogo, yeye akasimama. Alikuwa ananitafuta mimi. Akaniona na ule mwavuli, akalia. Sijapendwa hivyo tangu nizaliwe.

Bibi harusi, 63. Machozi, 65. Sichezi. Naandika tu.

Leo nalala mapema, huenda Immacolata akarudi. Safari hii hatanipita. Penseli nimeichonga, nimeiweka kando ya mto, na kwenye ukurasa unaofuata nimeshapiga visanduku vitatu kwa rula, kila kimoja cha namba yake.