Mtamba wa MmaKabelo

Jumatatu, 3 Machi
Na si kwamba mume wangu Oarabile ananipenda tu, ananifundisha pia. Ndoa ina wiki tatu, na leo kanionyesha jinsi ya kuunganisha majedwali kwenye kompyuta. La wageni wa harusi kaandika yeye: majina na simu. La zawadi nimeandika mimi. Ukiyaunganisha, kila mgeni anasimama na zawadi yake. Kama sisi wawili. Mpango: kuwashukuru wote sitini na mmoja kwa simu, kwa mkupuo mmoja. Gorata, mke wa shemeji, aliandika kadi zake za shukrani kwa mkono mwezi mzima. Mama mkwe bado anazisifu. Ngoja.

Jumanne, 4 Machi
Nilisahau kusema kipi kilingane na kipi. Kila mgeni kapewa kila zawadi. Mistari elfu tatu na ushee. Oarabile kacheka mpaka kakaa chini. Ana meno mazuri. Kasema kila mtu apewe namba yake, nilinganishe kwa hiyo. Namba za nini, na watu wana majina?

Jumatano, 5 Machi
Nimelinganisha kwa majina, wametoka wanne. Hamsini na saba hawapo! Nimechunguza mpaka chai ikapoa. Oarabile kaandika majina ya vitambulisho, mimi yale tunayowaita. Mama mkwe kwake ni Segametsi Moreri. Kwangu ni MmaKabelo, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nani katika mji wetu wote wa Molepolole humwita vingine? Wanne waliotoka hawana watoto. Ajabu tamu.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe kuna muungano unaobakiza wageni wote, hata asiye na mwenzi upande wa pili. Penye pengo kompyuta huandika TUPU. Wote wapo. Nimetuma bila kusoma.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kapiga. Kapokea: “Segametsi Moreri, asante kwa TUPU.” Kauliza, mwanangu, mtamba wa ng'ombe niliyewatolea zizini ndiye tupu? Na tangu lini mimi Segametsi kwako? Nyuma yake Gorata kamwambia kwa upole, msamehe mama, bado mgeni. Nimelia kidogo. Mama mkwe kasema niache mashine, niende na mdomo wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Dawa ni jedwali la tatu: jina la kitambulisho, na jina la kuitwa. Namba bado sizihitaji. Nimemtumia MmaKabelo ombi la radhi na shukrani za mtamba, na kwamba naja. Majibu matatu. Ukoo una kina MmaKabelo watatu, na wawili wanauliza mtamba wao yuko wapi. Wote wanapika, wakinisubiri. Nimewajibu wote watatu kwa mkupuo: nitafika kwenu kabla ya mwezi kwisha.