Alama ya Bilauri kwenye Meza ya Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

Nimeachiwa nyumba. Wiki nzima, mimi na meza.

Nieleze vizuri, maana mke wangu husema naandika kama mtu anayekimbia mvua. Nyumba ni ya mama mkwe. Mimi na mke wangu tunakaa humu naye tangu tuoane. Sasa mama amechoka na ngazi, anataka kwenda kuishi na dada yake, na funguo atamkabidhi mmoja wa wakwe zake wawili. Mkwe wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mwanyumba wangu, mume wa shemeji yangu, anayekaa mtaa wa pili na kuandika jina la kila kitu juu ya kopo lake, hata chumvi, kana kwamba ataisahau. Akipewa yeye, sisi tunafunga virago.

Leo asubuhi mama na mke wangu wameondoka kwenda kukiona chumba kwa huyo dada. Watarudi Jumamosi ijayo. Mama aliniambia mlangoni, mfuko begani, kwamba atanipima kwa meza ya jikoni. Meza yenyewe juu ni marumaru, jiwe la kweli, si vigae, jeupe lenye mishipa ya kijivu. Marehemu baba mkwe ndiye aliyelileta, na watu wanne walilibeba. Masharti: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, kausha. Basi. Nikamwambia mama asiwe na shaka.

Mtu mzima na akili zangu timamu, napewa mtihani wa kufuta meza.

Jumapili, 4 Mei

Nilikata ndimu kwa ajili ya chai. Nusu nikaiweka mezani kifudifudi, nikaenda kujinyoosha kidogo. Niliporudi na kuinyanyua, chini yake pana doa. Limefifia, limepauka, halina mng'ao. Nimefuta kwa maji, kwa sabuni, kwa kiwiko cha shati. Wapi.

Mwanyumba akaingia wakati huohuo, bila hodi, ati amepita kunijulia hali. Nililaza gazeti juu ya doa nikajitia kusoma. Akasema hakujua kwamba napenda kurasa za matangazo ya vifo. Nikamjibu kwamba mtu lazima ajue nani kabaki.

Akazunguka meza mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe. Ameahidi kupita kila siku. Huyu mtu ananikalia kooni.

Jumatatu, 5 Mei

Nimetumia akili. Doa ni uchafu, na uchafu dawa yake ni siki. Madirisha tunasafisha kwa siki, birika tunasafisha kwa siki, kwa nini jiwe lijione bora? Nikamimina ya kutosha, nikaenda kuoga ili iingie vizuri.

Nimetoka bafuni, doa limekua. Jana lilikuwa la nusu ndimu. Leo ni la sahani, na pembeni lina mkia mahali siki ilipotiririka. Ukipitisha kidole unasikia mkwaruzo kama ulimi wa paka.

Siki ya siku hizi si siki.

Mwanyumba alipokuja nikamzuia mlangoni. Nikamwambia nimepiga dawa ya mende. Akauliza mende wametoka wapi, mbona kwa mama hakujawahi kuwa na mende. Sasa kesho habari ya mende itamfikia mama, na sina hata mende mmoja wa kuonyesha.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi: dawa ya meno. Inang'arisha meno, na meno ni mawe madogo tu. Nilisugua nusu saa kwa mswaki wa mke wangu (wangu una nywele laini mno). Doa lipo palepale, ila sasa lina mistari.

Mchana: mafuta ya kupikia. Hapa nilijipongeza. Nilipaka mafuta kidogo tu juu ya doa na jiwe lote likawaka. Nilisimama nikajitazama humo. Nikaanza kuwaza chumba cha juu nikifanye ofisi, ingawa ofisi ya nini bado sijaamua.

Jioni: mafuta yamezama. Yameingia ndani ya jiwe kama maji kwenye mkate. Pale palipokuwa peupe pamekuwa na wingu la kahawia, na limeanza kutambaa kuelekea ukutani. Nilikaa kitini nikashika kichwa. Ni meza. Haina miguu ya kukimbia wala mdomo wa kubisha, na bado inanishinda!

Mwanyumba kaleta zawadi: vitambaa sita vya kuwekea vikombe, mkewe kavishona mwenyewe. Ili meza isiharibike, alisema. Nilivitandaza vyote sita juu ya wingu mbele ya macho yake na kumshukuru. Kingo bado zilionekana.

Jumatano, 7 Mei

Maji yamenifika shingoni, nimekwenda kwa fundi.

Mafundi wa mawe mjini wote wamejaa kazi isipokuwa mmoja, yule anayechonga mawe ya makaburi. Watu humwita Fundi Pole. Nilipofika tu akaacha patasi, akafuta mikono, akanishika bega na kusema pole. Nikamwambia asante. Akauliza marehemu alikuwa na umri gani. Nikasema ni meza. Akatikisa kichwa taratibu, akasema ndiyo, kila mtu ana namna yake ya kupokea msiba.

Ilichukua muda kuelewana. Alipokuja nyumbani alivua kofia kabla ya kuingia jikoni. Akanusa meza. Akauliza nilianza na nini. Nikataja ndimu. Akasema pole. Nikataja siki. Pole sana. Dawa ya meno, akafumba macho. Nilipofika kwenye mafuta akakaa chini.

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wafiwa. Lile la kwanza halikuwa doa. Ndimu ililiunguza jiwe, ikala ule uso wake uliong'arishwa, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kufuta. Marumaru na kitu kichachu havikai meza moja. Siki niliyoita dawa ilikuwa ndimu ile ile kwa wingi zaidi. Mafuta ndiyo doa la kweli, nayo hayafutwi, yanavutwa. Akaponda chaki, akaikoroga na maji na kitu chake cha kwenye chupa ikawa uji mzito, akaupaka juu ya wingu, akafunika kwa plastiki na kubandika kingo. Akasema uji ukikauka utakunywa mafuta. Tusiguse mpaka kesho.

Nimegusa mara moja tu, kuona kama unakunywa.

Alhamisi, 8 Mei

Unakunywa. Fundi kabandua ule uji na wingu limeondoka nao. Nilitaka kumkumbatia.

Kisha akaanza kusugua jiwe kwa msasa wa maji, mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, mara saba, kila mara akimwagia maji na kufuta. Mwisho akatia unga wa kung'arishia, kwa kitambaa, kwa mkono, akizungusha. Doa langu lilififia, likafifia, likatoweka. Kazi tamu kuitazama, mtu mwingine akiifanya.

Lakini sasa pale paling'aa kuliko kwingine. Fundi akashauri aisugue meza nzima ili ifanane. Nikamwambia aisugue. Upande wa dirishani kulikuwa na alama nyingine ya zamani, duara jembamba saizi ya mdomo wa bilauri ndogo. Si yangu, niliikuta. Ni pale mama anapokaa kila asubuhi wakati mimi bado nimelala. Fundi alisita, akauliza hata hii? Nikamwambia hata hii, tena aanze nayo. Akilini nilimwona mama akiingia, akiikuta meza yake mpya kuliko alivyoiacha, akiniwekea funguo kiganjani.

Mwanyumba aliingia fundi akiwa juu ya lile duara. Nilijua ataleta kisirani. Badala yake alitazama, akatabasamu, akasema kazi nzuri, endeleeni. Mara ya kwanza kunisifu tangu tuoe nyumba moja. Pengine nimemhukumu vibaya.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwisha.

Mke wangu amepiga simu saa tatu. Mama ni mzima, chumba kwa dada yake ni kizuri, hakina ngazi. Ila anaikumbuka alama ya baba. Nikauliza alama gani. Akasema ile ya bilauri, pale dirishani. Marehemu alikuwa akiweka hapo bilauri yake ya chai ya ndimu, na mama kila asubuhi huweka kidole pale akakizungusha kabla hajaanza siku. Miaka yote hii hujaona? Akaniomba tu nihakikishe hakuna anayeweka sufuria juu yake.

Nikasema hakuna atakayeweka.

Nilikaa pale dirishani, kwenye kiti cha mama. Nilipitisha kidole. Laini kama kioo. Nimeona haya, naandika wazi, nimeona haya mpaka masikio yakawaka moto. Na mwanyumba alijua! Alisimama pale akasema endeleeni.

Basi nikapiga moyo konde. Aliyeunguza jiwe bila kukusudia siku tano zilizopita anashindwa nini kuliunguza kwa makusudi? Nikakamua ndimu kwenye sahani, nikachovya mdomo wa kikombe changu cha chai, nikakisimamisha kichwa chini palepale, nikahesabu mpaka mia tatu. Nikafuta. Duara safi kabisa. Nimelitazama kwa mbali, kwa karibu, na kwa jicho moja. Mama macho yake si mazuri sana.

Jumamosi, 10 Mei

Wamerudi saa nne. Mwanyumba na mkewe walishafika, yeye kavaa koti.

Mama aliingia jikoni moja kwa moja, akasema meza inapendeza. Akakaa kitini mwake. Akaweka kidole mezani, akaanza kuzungusha. Kidole kilienda, kikaenda, kikasimama. Akarudia. Kikasimama palepale. Kisha akanyoosha mkono kabatini bila kugeuka, akachukua kikombe changu, kile chenye pengo mdomoni, akakipindua juu ya duara. Pengo kwa pengo. Kikombe kilikaa kama mfuniko.

Mama alisema taratibu kwamba baba alikunywa kwa bilauri ndogo. Akauliza alama yake iko wapi.

Nikamwambia yote, kuanzia ndimu mpaka ndimu. Mama alilia. Si sana, lakini alilia, na mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulielezea hapa. Ningepewa nafasi ya kuzama sakafuni ningeishukuru.

Hapo mwanyumba akakohoa, akasema yeye alisikitika sana kuona fundi akisugua alama ya mzee. Mama akainua kichwa. Akamuuliza, uliona? Akasema Alhamisi. Akamuuliza, ukasema nini? Mwanyumba akatazama vitambaa vyake sita. Koti lilianza kumbana.

Mama akajifuta macho. Akatusimulia kwamba ile alama baba aliiweka wiki waliyohamia. Aliogopa kugombezwa, akaizungushia siki kwa kidole ili iondoke kabla mkewe hajarudi kutoka sokoni. Ndiyo maana haikutoka maisha yake yote. Akanitazama, akasema sisi wanaume sijui tunafundishwa wapi. Alicheka kidogo, halafu akalia tena kidogo, na mke wangu akamshika.

Uamuzi ni huu: funguo hapewi mtu. Mama hahami. Amesema ngazi atazipanda kwa mapumziko, lakini nyumba yenye mkwe mmoja wa kuunguza na mwingine wa kutazama hawezi kuiacha hata siku moja. Duara la kikombe libaki. Nisiliguse. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, kausha. Akanitaka nirudie kwa sauti, nikarudia, mara mbili.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi niliamka mapema kuliko kawaida. Nilimkuta mama kwenye kiti chake. Alizungusha kidole kwenye duara langu, kikafika kwenye pengo, akakiondoa, akashusha pumzi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilifuta meza kwa kufuata masharti, nikakausha, nikaapa moyoni kwamba jiwe la mtu sitaligusa tena maishani.

Mchana nilikuwa natafuta chumvi. Nyuma kabisa ya kabati, nyuma ya kopo la kahawa, imefungwa kwa kitambaa: bilauri ndogo, ya kioo kinene. Ni yenyewe. Mdomo mzima, hauna pengo hata moja.

Nimeipima. Inaingia katikati ya duara langu, nafasi imebaki pande zote. Shida yote ilikuwa saizi tu. Fundi Pole amesahau hapa unga wake wa kung'arishia, nusu kopo. Kwanza naunguza duara la ndani, kisha nasugua la nje mpaka lipotee. Mama amelala, mke wangu yuko kwa jirani. Ndimu iko moja, na safari hii nitahesabu mpaka mia sita ili alama isitoke tena.