Inchi Saba za Mama Isack

Jumanne, 3 Juni

Mie Revelian ndiye bingwa wa kukuza nywele Temeke nzima. Vichwa kumi na vitatu vimepita mikononi mwangu, vyote sasa vina mafundo makubwa kama mikate ya boflo.

Sawa. Uongo. Sijawahi kukuza hata unywele mmoja. Miaka thelathini na moja nilikuwa kinyozi, na kinyozi kazi yake kupunguza. Lakini daftari ni langu. Mtu asipojisifu kwenye daftari lake ajisifie wapi?

Ishu ni hii. Kwaya ya mke wangu inatimiza miaka ishirini na mitano, jubilei tarehe 29. Mwenyekiti wao Auleria, mwenye nywele za kufika mabegani, amepitisha azimio: siku hiyo hakuna kilemba, hakuna wigi, hakuna rasta. Kila mama na nywele zake mwenyewe. Na Bernadeta wangu ndiye anayeimba peke yake kwenye wimbo wa shukrani, tangu kwaya ianze. Mbele ya kichwa chake, kutoka sikio hadi sikio, pameisha. Dawa ya kulainisha nywele aliweka miaka ishirini, kaiacha mwaka juzi. Rasta za kubana mpaka nyusi zinapanda, hizo kaacha juzi tu. Nyuma zimerudi za kipilipili. Mbele, upana wa vidole vitatu, peupe. Hata mie namwona bila kilemba kwa kuibia.

Leo kasema haimbi. Auleria aimbe. Kasema huku anachambua mchele, hakuinua uso. Nikamwambia nitazikuza.

"Baba Isack," kasema, "wewe hata ndevu zako zinaota upande mmoja."

Mie nataka aimbe. Nina sababu zangu. Asipoimba kanisani ananiimbia mie, na nyimbo hizo hazina kiitikio.

Alhamisi, 5 Juni

Dawa tayari. Mafuta ya nyonyo, karafuu, maji ya kitunguu. Vitunguu nimefuata hadi Mabibo. Mafuta kwa Najmuddin, duka la kona. Kauliza ni za kichwa cha nani. Nikasema cha mteja. Kauangalia upara wangu, kasema mganga huanzia kwake. Mshenzi. Ila kapima vizuri.

Nimetwanga vitunguu nikilia kama mfiwa. Bernadeta nimemwambia dawa imetumwa na dada yangu wa Bukoba, kapewa na masista. Masista lazima wawepo. Angejua ni mie, asingeinamisha kichwa.

Mkwe wangu Tusajigwe, mke wa mwanangu Isack, ana saluni kwenye chumba cha mbele, kile kilichokuwaga changu. Kwao Tukuyu mkwe humkimbia baba mkwe. Huyu mji umemharibu, ananijibu. Kanusa chupa, kasema nywele hukua nusu inchi kwa mwezi, na mizizi iliyovutwa miaka yote hiyo huenda isirudi yote. Mama asibane tena, apate maji, mafuta kidogo na subira. Subira! Jubilei ina tarehe, haina subira.

Jumatatu, 9 Juni

Jana mazoezi. Akina mama wamemuuliza Bernadeta kwetu kuna shughuli gani, mbona ananukia pilau. Nimepunguza kitunguu, nimeongeza karafuu. Sasa ananukia pilau ya matajiri.

Nimempima utosini kwa futi ya fundi cherehani. Inchi tatu.

Jumamosi, 14 Juni

INCHI SABA!

Tusajigwe alimsuka uzi Jumanne, wa kulegea, mbele hakugusa, eti nywele zipumzike. Leo kafumua. Zimesimama kama zimeitwa. Nikakimbilia futi. Saba kamili. Nne kwa siku tano! Kwa mwendo huu, tarehe 29 zipo kiunoni, Krismasi tunazikunja. Mbele bado peupe, lakini zikijaa nyuma, nyingine zitasogea mbele zenyewe, kama watu kwenye foleni.

Sikuweza kukaa. Nimepita kwa Najmuddin kumtangazia. Nimekwenda mpaka kanisani. Auleria alikuwa anapanga viti. Kaniamkia vizuri tu, kasema ratiba inakwenda kuchapwa jioni hii na Mama Isack hajajibu kama anaimba. Nikajibu mie. Anaimba. Andika jina. Tena wewe jiandae kuitikia.

Kaandika, kwa wino.

Jumapili, 15 Juni

Balaa. Bernadeta kaoshwa kichwa baada ya misa. Zimekauka. Nimepima. Inchi mbili na nusu. Nimegeuza futi, nimepima tena. Mbili na nusu.

Najmuddin! Kaniuzia mafuta yanayokula nywele! Nimeingia dukani wateja wamejaa, nikamwambia arudishe inchi nne na nusu za mke wangu. Najmuddin kavua miwani taratibu.

"Bwana Revelian, nikupimie kwa futi au kwa kilo?"

Wamecheka mpaka dereva wa bodaboda nje. Nipo nusu ya njia kurudi ndipo nikakumbuka kwamba nimeshasema mteja ni nani.

Nyumbani Tusajigwe kaniita. Kashika kifungu kimoja cha nywele za mama mkwe wake, kakivuta polepole. Kikaja, kikaja, mpaka inchi saba. Kakiachia. Kikarudi chap, kama springi ya godoro. Kasema uzi ulizinyoosha tu, maji yamezirudisha, na nywele zisizo na dawa ndivyo zilivyo. Halafu kaniuliza kwa adabu, baba, kweli ulikuwa kinyozi? Nikamwambia wateja wangu hawakuwahi kufikisha nusu inchi. Niliwawahi.

Bernadeta kasikia yote. Ya masista, ya dukani, na ya jina kwenye ratiba. Hakufoka. Kasema hawezi kulifuta jina, ratiba imeshachapwa na imefika mpaka kwa Askofu. Akaingia ndani. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 28 Juni

Wiki mbili kaongea na mie kwa mafungu. Chakula. Mlango. Sabuni.

Leo mazoezi ya mwisho, na sare, vichwa wazi. Nikamwomba nimsaidie mara moja tu. Wanja. Nimemchorea mbele unywele mmoja mmoja, saa nzima, ulimi nje. Nilipomaliza palikuwa na nywele, naapa. Kajiangalia kwenye kioo. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Akaenda.

Kanisa lile feni zake mbili. Kwa jasho, wanja ukaanza safari ubeti wa pili. Ukafika machoni, ukafika kwenye kola nyeupe. Hakuna aliyecheka, ndiyo mbaya zaidi. Auleria ndiye aliyempa leso.

Kaja moja kwa moja saluni, kakaa kwenye kiti. Uso una michirizi.

"Kachukue mashine yako."

Nikajifanya sijasikia.

"Nyoa zote. Zilingane na mbele."

"Mama Isack, zile inchi saba…"

"Baba Isack. Nyoa."

Miaka arobaini ya ndoa sijawahi kumnyoa. Nikaiwasha mashine, nikaizima, mpaka Tusajigwe akanishikia kiwiko. Zimeanguka mapajani kwake na yeye akazikunja ndani ya kanga, zote. Nikampitisha wembe pembeni, mstari safi kama nilivyokuwa nawafanyia mabwana harusi. Mashine haikukwaruza hata mara moja.

Ana kichwa kizuri. Cha mviringo, kovu dogo nyuma ya sikio. Sikuwahi kulijua.

Jumapili, 29 Juni

Kaimba. Hakuna kilemba, hakuna wigi, hakuna rasta: nani ataleta hoja? Kasimama mbele ya Askofu na kile kichwa kinang'aa, akatoa sauti, na Auleria akasahau kuitikia. Mstari mzima. Mie nilikuwa na vumbi jichoni. Feni zile zinarusha vumbi.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi wamekuja mama wawili wa kwaya. Wanataka wanyolewe kama Mama Isack. Nimewanyoa. Wakati nawafuta shingo, akili ikafunguka. Mtu aliyenyolewa atataka nini? Zirudi! Na dawa ya kuzirudisha ni nani anayo? Asubuhi nanyoa, mchana napaka, na safari hii napima zikiwa zimevutwa. Bernadeta nimempima alipokuwa amelala mchana. Kwa jicho langu zimeshaongezeka. Kitunguu ndicho kilikuwa kidogo. Tuongeze.

Tusajigwe, najua unasoma humu, ukurasa una mafuta ya saluni. Alhamisi ulipompelekea Isack chakula kazini bandarini, nani alikushikia mteja saa nzima kwenye stima, ile kofia yako ya mvuke? Ukasema, baba, fadhila hii nitailipa. Ilipe basi. Mikono yangu imechoka kutwanga, na wewe una blenda. Vitunguu vipo uvunguni kwangu. Saga laini, na mama asijue.