Mpira Uliokerege Mara Tatu

Kwa Mkuu wa Taaluma,
Chuo cha Ualimu,
Bagamoyo.

Ndugu Mkuu wa Taaluma,

YAH: KUONEWA KWANGU KATIKA RIPOTI YA MICHEZO YA WATOTO

Shikamoo. Mimi ni Muharami wa mwaka wa pili, niliyepewa sifuri na kufutwa kwenye orodha ya mahafali kwa madai kwamba ripoti yangu niliinakili kutoka kwa Hafidha, aliyehitimu mwaka juzi. Ni kweli niliinakili. Ninacholalamikia ni namna nilivyogunduliwa.

1. Hafidha alitafiti shule ya Dunda, mimi nilipangiwa Kerege. Basi niliiamuru kompyuta igeuze kila "dunda" iwe "kerege", nikaenda zangu kula chipsi. Sasa Mwalimu Bwanausi anadai mpira hauwezi "kukerege mara tatu", wala hakuna mtoto ambaye moyo wake "unakerege" akikimbia. Kosa ni la kompyuta, na la walioiita kata Dunda huku wakijua mipira inadunda.

2. Siku ya kurudishiwa ripoti, mwalimu aliniuliza mbele ya darasa, "Sharifu hajambo?" Nikajibu hajambo, kwa adabu tu. Kumbe kwenye ukurasa wa shukrani nimemshukuru mume wangu Sharifu kwa kunivumilia. Muungwana angeninong'oneza.

3. Eti sikutaja vyanzo. Ninavyo kumi na saba, vyote vya Hafidha, na sijaona hata jalada la kimoja. Tena methali tunazitumia kila siku, na wahenga hawajamfelisha mtu. Hafidha mwenyewe maneno aliyakuta kwenye kamusi.

4. Mama yangu huko Ubena ameshatangaza kwamba mwanawe ni mwalimu, na majirani wanamwita Mama Mwalimu. Nitamwambia nini? Hili linaniuma, na hapa sitanii.

Kwa hiyo naomba nirudishwe kwenye orodha, na chuo kitamke rasmi kwamba maneno ni kama maji ya kisima cha msikitini: kila mwenye ndoo achote.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na mkutubi ambaye sijabahatika kuonana naye.

Wako mtiifu,
Muharami Sadallah

N.B. Barua hii imenichukua siku nne, nikifuta na kuandika upya. Ndiyo maandishi yangu ya kwanza tangu nifike chuoni. Noel wa chumbani kwangu, naye ana sifuri yake, ameiomba abadilishe jina tu aipeleke kama yake. Nimemkatalia. Ikikufikia yenye jina lake, tafadhali mwadhibu vikali. Kila neno humu nimelitafuta mwenyewe.