Kondoo Thelathini na Mmoja wa Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba

Mimi Dursun ndiye mchungaji mkubwa kuliko wote waliobaki wilaya hii ya Kangal. Kondoo mia mbili! Milima yote inanijua!

Sawa. Mia mbili ilikuwa zamani. Sasa nina kuku watatu, na mmoja anakohoa. Kondoo niliwauza magoti yalipogoma. Daftari ni langu peke yangu, na bado humu ndani nadanganya.

Jambo lenyewe: nataka mtoto wa mbwa. Mbwa wetu wa huku, uso mweusi, akisimama kichwa kinafika kwenye mkanda wangu. Tangu mbwa wangu Aslan afe, ua uko kimya mpaka namsikia kuku akifikiri. Zeliha, mke wangu, anasema nifuge paka. Paka!

Leo sokoni jamaa mmoja alikuwa na watoto saba wa mbwa ndani ya buti la gari. Wiki tano tu, matumbo yamevimba, macho yana tongotongo. Nikamuuliza mama yao yuko wapi. Akasema kaenda Ujerumani. Nikamuuliza kama kapata kazi kiwandani. Hakucheka. Nikaondoka. Hata mimi nina mpaka wangu.

Kesho nakwenda kwa Bi Elmas, mfugaji wa mbwa wa kijiji cha juu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kwa Bi Elmas mama wa mbwa yupo. Baba yupo. Bibi yao yupo. Wote walinikodolea macho kama wakwe. Mtoto amebaki mmoja, dume. Alikuja mwenyewe akalala juu ya kiatu changu. Nikaisha.

Kisha maswali! Nilioa bila kuulizwa hata robo yake. Nikiugua, nani atamlisha? Nyumba yangu ina ngazi ngapi, maana mbwa jitu mifupa yake hukomaa polepole na ngazi huiharibu? Aslan alikufa akiwa na umri gani? (Kumi na mbili, uzee. Hapo alilainika kidogo.) Nikishindwa kumtunza, nitamrudisha kwake, si kumtupa barabarani? Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Nikatoa pesa. Akaitazama kama nimempa soksi. Mtoto haondoki kabla ya wiki nane, yaani Jumamosi.

Mwisho akauliza: Kaka Dursun, kondoo unao wangapi? Mdomo ukajibu kabla yangu: thelathini na mmoja.

Akasema vizuri. Jumamosi atakuja kuwaona, maana hampi mtu mbwa kabla ya kuona maisha yanayomngoja.

Kwa nini na mmoja? Thelathini haikutosha?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Vahit, kaka yake Zeliha. Kondoo anao hadi anachoka kuwahesabu. Alikuwa mkahawani na glasi yake ya chai. Nikamwomba kondoo thelathini na mmoja kwa siku moja. Akapaza sauti wote wasikie: Jamani, shemeji yangu anaazima kondoo kama watu wanavyoazima viti vya harusi! Mkahawa mzima ukacheka. Mmoja akauliza kama nitahitaji na bibi harusi.

Nikameza kiburi. Nikamwita shemeji yangu kipenzi. Ulimi ulikataa, lakini nilimwita.

Amekubali. Sharti lake: mwaka mzima nisitie neno kuhusu sharubu zake mpya. Ni bei ghali. Zile sharubu ni kama panya aliyelala juu ya mdomo na hajui atokeje.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kazi siku nzima. Kondoo wa Vahit wana doa la bluu kiunoni, na alama ya ukoo wetu ni nyekundu begani. Nimekata sufu yenye bluu. Nimepaka nyekundu. Hereni za njano ambazo serikali huwavika kondoo nimezipaka matope, namba ya mwenyewe isisomeke. Nani mwingine angekumbuka hereni? Hakuna!

Mikono yangu ni myekundu hadi kwenye viwiko. Zeliha aliponiona aliuliza nimemuua nani. Nikamwambia bado.

Jumamosi, 11 Oktoba

Lo!

Bi Elmas alifika asubuhi, mtoto wa mbwa kifuani. Akanywa mtindi wetu, akapima geti, akahesabu ngazi. Mambo safi. Akaingia kati ya kondoo. Rangi hakuitazama. Hereni hakuzigusa. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa sikio la kondoo mmoja. La pili. La tatu.

Mkato! Huku kila ukoo hukata sikio la kondoo kwa namna yake. Wa kwetu ni mkato mmoja, sikio la kulia. Wa akina Vahit ni mapengo mawili, kushoto. Miaka arobaini nimeyaona masikio hayo kila siku, ndiyo maana sikuyaona.

Akaniuliza taratibu hawa ni wa nani. Nikaanza hadithi kwamba Zeliha alikuja nao kama zawadi ya harusi. Vahit, aliyekuwa ameegemea ukuta akijifanya hakuja kuchungulia, akaita: Wangu, Bi Elmas! Huyo ana kuku tu!

Bi Elmas akasema kwato zimekatwa vizuri, wanyama wameshiba, mwenye kondoo hawa anajua kufuga. Akamkabidhi Vahit mtoto wa mbwa. Vahit, ambaye hata hakuomba! Mbwa akamlamba sharubu. Na mimi nimeapa kunyamaza!

Kabla ya kuondoka Bi Elmas alinivuta pembeni. Akasema ningemwambia ukweli tangu Jumanne tungezungumza vingine. Ana mbwa jike mzee, miaka tisa, mlima umemshinda, anatafuta ua tulivu na mtu wa kukaa naye. Kondoo si lazima. Akasema mlango uko wazi: nije, niseme "Bi Elmas, nina kuku watatu," nimchukue. Basi. Maneno matano.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimeyajaribu yale maneno mbele ya kioo. "Bi Elmas, nina" halafu ulimi unateleza wenyewe kwenye mia.

Na mbwa mzee wa nini? Mzee hapa tayari nipo. Nimefikiri vizuri. Kosa halikuwa kondoo. Kosa ni masikio. Yule mama wa mtoto wa mbwa atazaa tena masika, na masika huku bado kuna baridi. Kondoo aliyefunikwa masikio dhidi ya baridi, nani atamshangaa? Atasema Dursun ana huruma!

Zeliha, najua unalisoma daftari hili nikiwa mkahawani. Dada yako alipotaka kuja kukaa mwezi mzima, ukamwambia nina ugonjwa wa kuambukiza, mimi nilikaa kitandani siku mbili nikikohoa kwa ajili yako. Una deni la wema kwangu. Nifumie kofia ndogo za masikio. Sitini na mbili. Kijivu, zisionyeshe uchafu.